Sura ya Sita: Mbawakawa wa Ardhini na Kingo za Matuta

Jiji la Kigali, ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia wakazi zaidi ya milioni 1.7, hula viazi mviringo kila siku lakini halivilimi kwa kiasi cha kujilisha, kwa sababu vilima vyake viko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la kimo hicho, hasa la usiku, halikipi kiazi nafasi nzuri ya kujaza chini ya udongo. Viazi vinavyoshushwa Nyabugogo na kupangwa mafungu katika soko la Kimironko hutoka zaidi kaskazini na kaskazini-magharibi, katika wilaya za Musanze, Burera, Nyabihu na Rubavu, kwenye miteremko ya milima ya volkano ya Birunga, ambako mashamba hupanda hatua kwa hatua mpaka yakagusa mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Wanyarwanda huviita ibirayi, jina ambalo sikio la Mswahili, lililozoea viazi ulaya, halikosi kulisikia kama jamaa wa karibu. Na kweli zao hili, ambalo asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, lilifikishwa Rwanda na askari wa Kijerumani na wamisionari, karibu na mwanzo wa karne ya 20.

Anayetaka kujua ni nini kinachokilinda kiazi hicho kabla hakijatiwa guniani kwa kawaida huelekezwa kwenye dawa, na mara chache sana huelekezwa kwenye mdudu mweusi anayekimbia chini ya majani mkulima akiwa amelala. Mdudu huyo ni mbawakawa, jina linalojumuisha wadudu wote ambao mabawa yao ya mbele yamekakamaa yakawa vifuniko vinavyoyahifadhi mabawa ya nyuma, yaliyo laini na ya kurukia. Miongoni mwa mbawakawa, wanaohusika na sura hii ni wa familia ya Carabidae, ambayo ina spishi zinazokaribia 40,000 duniani kote na ambayo hapa itaitwa mbawakawa wa ardhini, kwa kuwa wengi wao huishi, huwinda na huzaana juu ya udongo au ndani yake. Mbawakawa wa ardhini hutambulika kwa miguu mirefu iliyoumbwa kwa mbio, vipapasio vyembamba kama uzi, na mataya yaliyochomoza mbele ya kichwa kama koleo. Akifunuliwa chini ya jiwe haruki, bali hutimua mbio kutafuta giza jingine. Na wapo wengi, hasa wa milimani, ambao mabawa yao ya nyuma yamedumaa kiasi kwamba hata wakitaka kuruka hawawezi. Jambo hili la mwisho linaonekana dogo, lakini hoja kubwa ya sura hii inalitegemea.

Ulaji wao una utaratibu wa pekee. Wengi wao, baada ya kumbana kiwavi kwa mataya, humtapikia vimeng'enya, yaani kemikali za mwilini zinazovunjavunja chakula, kisha hufyonza uji unaotokana na nyama iliyoyeyuka, hivi kwamba usagaji wa chakula huanza nje ya mwili wa mlaji. Lava, yaani mdudu mchanga aliyetoka kwenye yai na ambaye hajageuka kuwa mkubwa, naye ni mwindaji: ana mwili mrefu, miguu sita na mataya makali, naye hupenya katika nyufa za udongo ambamo mkubwa hafiki. Wako pia wanaokula mbegu za magugu pamoja na nyama, na wataalamu wa Ulaya wamewahesabia hilo kuwa faida ya pili. Mkulima anayeviona viumbe hivi viwili, mkubwa mweusi na lava wake mwembamba, ni nadra aamini kwamba ni mtu na mwanawe. Kwa hiyo humponda lava kwa jembe akidhani ni adui wa viazi.

Ipo pia hatari ya kuchanganya majina, nayo hutoka vitabuni. Katika maandishi ya Ulaya na Marekani, mbawakawa anayetajwa zaidi katika habari za viazi ni mla majani mwenye mistari, Leptinotarsa decemlineata, ambaye lava wake wanaweza kuuacha mmea ukiwa fito tupu. Mdudu huyo hayumo katika mashamba ya Afrika Mashariki, na mwanafunzi wa kilimo anayesoma kwa vitabu vya kigeni anapaswa kukumbuka kwamba mbawakawa wa viazi wa vitabu hivyo na mbawakawa wa ardhini wa Musanze hawahusiani zaidi ya kuwa na mabawa magumu. Kinyume chake, hata huko Marekani mmoja wa maadui wa mla majani huyo ni wa familia ya Carabidae: Lebia grandis, ambaye akiwa mkubwa hula mayai na lava wa adui, na akiwa lava hujipatia pupa wake, yaani adui aliyetulia udongoni akijigeuza, na kumla polepole mpaka afe.

Katika nyanda za juu za Rwanda, windo linalomfaa zaidi mbawakawa wa ardhini ni sota. Kwa jina hilo wakulima wa Kiswahili huwaita viwavi wa nondo wa jenasi Agrotis, wanene, wa rangi ya udongo, ambao mchana hujikunja chini ya tonge la udongo karibu na shina na usiku hutoka na kulikata shina changa sawa na usawa wa ardhi, hivi kwamba asubuhi mche hukutwa umelala kama uliopigwa panga. Jike mmoja wa Agrotis ipsilon anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Dawa inayonyunyiziwa majani mchana humkosa sota kwa sababu yuko chini, na ndege humkosa kwa sababu amejificha. Mbawakawa wa ardhini, kwa upande wake, hutoka saa zile zile anazotoka sota, hutembea juu ya udongo ule ule, na wakati wa mchana hujificha katika nyufa zile zile. Haihitajiki nadharia kubwa kueleza kwa nini wawili hawa hukutana.

Kwa vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa majani, hesabu ni ngumu zaidi. Mbawakawa wa ardhini hapandi mmea kwa wepesi, na vidukari hukaa juu. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1998 na John Losey na Robert Denno, katika mashamba ya luseni, ulionyesha jinsi wawindaji wawili wanavyoweza kusaidiana bila kukusudia: mbawakawa wa madoadoa anapowinda juu ya majani, vidukari hujiangusha chini ili kumkimbia, na huko chini mbawakawa wa ardhini huwaokota, hata idadi ya vidukari walioliwa na wawili kwa pamoja ikazidi jumla ya ambao kila mmoja angewala akiwa peke yake. Si vidukari wote wenye tabia ya kujiangusha kwa kiwango hicho. Tena, kidukari wa viazi huogopwa zaidi kwa virusi anavyovibeba kuliko kwa utomvu anaoufyonza, na kuna virusi, kama kile kiitwacho Y cha viazi, ambavyo huambukizwa kwa mdudu kuuonja mmea kwa sekunde chache tu, muda ambao hakuna mwindaji wa kuuwahi. Kwa virusi vya kukunja majani, ambavyo kidukari huhitaji kufyonza kwa saa kadhaa ili kuvichukua na kuvipitisha, kupunguza idadi ya vidukari shambani kuna maana zaidi. Na kwa nchi ambayo wakulima wake wengi hutunza mbegu kutoka katika mavuno yao wenyewe, msimu hadi msimu, virusi vikijilimbikiza humo, hata punguzo la wastani si la kudharauliwa.

Yuko pia chenene, panzi wa chini ya ardhi mwenye mikono kama koleo, ambaye hutoboa viazi na kukata mizizi. Hasimu wake ni mbawakawa mzinga, wa jenasi Pheropsophus, anayepatikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ambaye baadhi ya spishi zake hukuza lava kwa kula mayai ya chenene katika mashimo yake. Jina la mzinga linatokana na silaha yake: mwishoni mwa tumbo ana vyumba viwili, kimoja kina kemikali mbili zinazokaa pamoja bila kuleta madhara, cha pili kina vimeng'enya, na anaposhikwa husukuma mchanganyiko wa kwanza katika chumba cha pili, ambako hulipuka na kutoka nje kwa mlio wa kusikika, ukiwa na joto linalokaribia lile la maji yanayochemka. Mtoto wa shamba aliyewahi kumshika hahitaji maelezo haya.

Baada ya sifa zote hizo, ni haki kusema palipo na mpaka. Adui mkubwa wa viazi katika Rwanda si mdudu hata kidogo, bali ni ugonjwa wa bakajani chelewa unaosababishwa na Phytophthora infestans, kiumbe kinachofanana na kuvu, ambao wakulima wa Kinyarwanda huuita kwa neno lile lile la mvua, imvura, kwa sababu huja na mvua na kuunguza shamba ndani ya siku chache. Mbawakawa hana la kufanya juu yake, wala juu ya mnyauko wa bakteria. Mkulima wa Birunga atanyunyizia viuakuvu, atake asitake, na wakati wa mvua nyingi atanyunyizia kila wiki. Kinachofaa kuangaliwa ni kile kinachoongezwa ndani ya bomba la mgongoni. Mankozebu, kiuakuvu kinachotumika zaidi, hakimwui mbawakawa kwa kiasi cha kutisha. Lakini pale mkulima anapochanganya humo kiuawadudu kama saipamethrini kwa kuwa, maadamu amekwisha kubeba maji, afadhali amalize kazi zote mara moja, kila dawa ya ugonjwa hugeuka kuwa dawa ya kuua wawindaji, hata katika wiki ambayo hakuna mdudu mbaya hata mmoja aliyeonekana shambani.

Katika nchi za joto, mwindaji mkuu wa ardhini huwa ni sisimizi, na mtu aliyezoea mashamba ya Bugesera au ya pwani ya Tanzania anaweza kuuliza kwa haki kwa nini sura nzima ipewe mbawakawa. Jibu liko katika mwinuko. Kadiri mlima unavyopanda na usiku unavyozidi kuwa baridi, spishi za sisimizi hupungua, na nafasi yao juu ya udongo huchukuliwa na wawindaji wanaostahimili baridi, wakiwemo mbawakawa wa ardhini na buibui. Viazi, kwa bahati, hupenda mwinuko huo huo. Wataalamu wa elimu ya wadudu walitambua zamani utajiri wa mbawakawa wa milima hii: Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel walikusanya wadudu katika milima ya Afrika Mashariki katika safari yao ya 1911 na 1912, na mwaka 1953 Pierre Basilewsky wa Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ambaye fani yake ilikuwa hasa familia hii, aliongoza msafara wa kukusanya wadudu katika Ruanda-Urundi, na matokeo yake yakatoka kwa mfululizo wa machapisho. Masanduku ya sampuli yakabaki Ulaya. Lakini wakusanyaji hao walitafuta zaidi misitu na vilele, ambako spishi mpya zilikuwa zikisubiri kupewa majina, na shamba la mkulima halikuwa na mvuto wa namna hiyo.

Sasa ile habari ya mabawa yaliyodumaa inarudi. Mdudu asiyeruka, akiuawa shambani, hurejea kwa miguu tu, na hawezi kurejea isipokuwa mahali fulani karibu pamebaki wenzake. Shamba la viazi ni makao ya taabu kwake, kwa sababu udongo hugeuzwa wakati wa kupanda, hugeuzwa tena wakati wa kupandishia matuta, na hupinduliwa wote wakati wa kuvuna. Na kwa kuwa Rwanda ina msimu A unaoanza Septemba, msimu B unaoanza Februari, na msimu C wa kiangazi katika mabonde yenye maji, jembe halipumziki. Kwa hiyo suala la mbawakawa ni suala la pembezoni zaidi kuliko la shamba lenyewe: analala wapi wakati shamba linapopinduliwa, na ni hatua ngapi kutoka huko hadi kwenye shina la kiazi?

Waingereza walilijibu swali hilo mwishoni mwa miaka ya 1980 katika mashamba ya nafaka ya kusini mwa nchi yao. Watafiti, miongoni mwao Stephen Wratten na Nick Sotherton, waliona kwamba mashamba yalikuwa yamepanuliwa kwa ajili ya matrekta hata wawindaji waliokuwa wakijikinga na baridi katika ua wa pembeni hawakuweza kufika katikati kwa wakati. Wakainua tuta katikati ya shamba, lenye kimo cha sentimita 40 hivi na upana wa mita moja na nusu, wakalipanda nyasi za mashada, na baada ya majira mawili ya baridi wakahesabu ndani yake wawindaji, mbawakawa na buibui, waliozidi 1,000 kwa mita moja ya mraba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991, na matuta ya namna hiyo yakaingia katika orodha ya mambo ambayo mkulima wa Uingereza hulipwa na serikali akiyatunza.

Mtu akisimama kwenye barabara ya kutoka Kigali kwenda Musanze, safari ya kilomita 90 hivi, akatazama mlima wowote uliolimwa, ataona kitu ambacho Waingereza walilazimika kukijenga upya. Matuta ya ngazi yaliyochimbwa kuzuia mmomonyoko yana kingo zilizopandwa mabingobingo, urubingo kwa Kinyarwanda, na nyasi nyingine za mashada; kingo hizo hazilimwi, mizizi yake hufanya udongo kuwa na nyufa na vivuli, na hakuna shina la kiazi lililo mbali nazo zaidi ya hatua chache. Mashamba ya Rwanda, ambayo kwa wastani hayafiki hekta moja kwa kaya, hulalamikiwa kila mara kwa udogo wake, na malalamiko hayo yana msingi katika mambo mengi. Ila kwa mdudu anayetembea, udogo huo ni neema, kwa kuwa kila shamba ni pembezoni. Katika maeneo ya Kinigi na jirani zake zipo pia kuta na malundo ya mawe ya volkano yaliyotolewa shambani ili jembe lipite, na upande wa hifadhi umejengwa ukuta mrefu wa mawe hayo hayo kuwazuia nyati. Chini ya mawe hayo mna unyevu hata kiangazi.

Makimbilio ya tatu yako katika pareto. Mwaka 1969 hekta 10,000 hivi zilikatwa kutoka katika hifadhi na kugawiwa kwa familia zilizotakiwa kulima ua hilo, ambalo sumu yake huua wadudu, na mpaka leo pareto hulimwa kwa kupokezana na viazi na kupelekwa kiwandani Musanze. Kuna kinaya katika kusema kwamba shamba la kiuawadudu linaweza kuwa hifadhi ya wadudu, lakini sumu hiyo imo ndani ya ua, mbawakawa hali maua, na mmea wenyewe hukaa ardhini miaka kadhaa bila udongo kupinduliwa. Ukilinganisha na kiazi, ambacho huchimbuliwa baada ya miezi mitatu au minne, shamba la pareto ni mahali pa utulivu.

Kingo za matuta hazikupandwa kwa ajili ya mbawakawa, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Tangu mpango wa Girinka wa mwaka 2006, ambao umeipatia kila familia maskini iliyofikiwa ng'ombe mmoja, na kwa kuwa ng'ombe hao hufugwa zizini, mabingobingo yamekuwa chakula kabla ya kuwa kinga ya udongo, na hukatwa mpaka chini, ukingo mzima kwa siku moja, mara nyingi katika kiangazi ambapo malisho ni haba na mdudu anahitaji kivuli kuliko wakati wowote. Usafi nao, ambao Rwanda imejijengea sifa kwao na ambao una faida nyingi barabarani na majumbani, unapovuka mpaka na kuingia shambani huwa na gharama, kwani ukingo uliofyekwa ukabaki udongo mtupu unapendeza macho ya mkaguzi na kumfukuza mwindaji. Kukata ukingo mmoja na kuuacha wa pili mpaka wa kwanza uote, na kuacha kisiki cha urefu wa kiganja, hakumpunguzii ng'ombe chochote kwa mwezi mzima. Humbadilishia tu ratiba.

Wapo wanaoona kwamba njia fupi ni kuwazalisha wawindaji maabara au kuwaleta kutoka mbali. Afrika Mashariki imewahi kuwa upande wa kutoa katika biashara hiyo: katika miaka ya 1950 mbawakawa mkubwa mweusi mla konokono, wa jenasi Tefflus, alisafirishwa kutoka Kenya kwenda Hawaii ili akamkabili konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, Achatina fulica, aliyekuwa amefika huko na kuwa balaa. Mradi huo haukumwondolea mkulima wa Hawaii konokono wake. Na mwindaji mwingine aliyepelekwa kwa kazi hiyo hiyo mwaka 1955, konokono mla konokono Euglandina rosea, aliwageukia konokono wa miti wa asili ya visiwa hivyo na kusaidia kuzifuta spishi zao kadhaa. Kumtunza aliyepo hakuna hatari ya namna hiyo.

Kumjua aliyepo ni kazi rahisi kwa vifaa, ngumu kwa tafsiri. Mtego wa shimo ni kopo lililofukiwa mpaka mdomo wake ulingane na udongo, likafunikwa kibati kuzuia mvua, na mdudu anayekimbia usiku hutumbukia humo na kuhesabiwa asubuhi. Tatizo ni kwamba mtego huhesabu miendo, wala si idadi: spishi yenye pilikapilika itajaza kopo hata kama ni wachache, na katika udongo mtupu mdudu hukimbia kwa wepesi kuliko katika nyasi, hata ukingo uliofyekwa ukaweza kuonekana, kwa makosa, kuwa na mbawakawa wengi kuliko wenye majani. Kwa sababu hiyo watafiti huongeza kipimo cha pili, viwavi waliobandikwa kwenye kadi na kuachwa shambani usiku kucha, kisha huhesabu wangapi wameliwa. Chuo Kikuu cha Rwanda, chenye kampasi ya kilimo Busogo, Musanze, na Kituo cha Umahiri cha Bioanuwai huko Huye, kina wanafunzi na mashamba ya kutosha kwa majaribio yasiyohitaji zaidi ya makopo, kadi na subira.

Mdudu mmoja wa viazi amebaki nje ya maelezo haya kwa makusudi, naye ni nondo wa viazi, Phthorimaea operculella. Shambani, kiwavi wake anaposhuka kutoka kwenye majani kutafuta kiazi kupitia nyufa za tuta, mbawakawa wa ardhini anaweza kumkamata njiani, na upandishiaji mzuri wa udongo, unaoziba nyufa hizo, humrefushia kiwavi safari ya hatari. Akishaingia ndani ya kiazi hakuna taya linalomfikia. Hubebwa na mavuno hadi ghalani, hutoka nondo, hutaga kwenye macho ya viazi vilivyosalia, na huendelea kuzaana gizani mpaka lori la Nyabugogo linapofika. Ghala hilo, sakafu yake, matundu yake na majani ambayo wakulima hutandaza juu ya viazi vya mbegu, ndiyo maudhui ya sura inayofuata.